Maziwa Yasiyouzwa

Ndama huyu nilimsubiri miaka minne. Ng'ombe wangu alizaa dume, akazaa dume, akazaa dume tena, hadi mume wangu akaanza kunitania kwamba naunda timu ya mpira. Jike alipokuja hatimaye, tulimwita Bibi Harusi.

Sasa Bibi Harusi, wiki sita tu tangu azaliwe, alikuwa amelala ubavu bandani, akihara maji kwa siku ya nne, na sindano tatu hazikuwa zimefua dafu. Daktari wa mifugo alirudi asubuhi na karatasi ya maabara. Alivyokuwa akiikunja na kuikunjua, nikajua hana jema.

"Mama, bakteria waliokutwa kwenye kinyesi chake ni sugu. Maabara wamejaribu dawa saba, zote zimegonga mwamba."

"Basi leta ya nane."

"Hakuna ya nane. Tumpe maji ya chumvi na sukari, alale pakavu, tuombe Mungu."

Tuombe Mungu! Mtu kasoma miaka mitano, anakuja kuniambia kile ambacho mama mkwe wangu ananiambia kila siku bure. Hasira zikanipanda. Nikamwambia aende kwa jirani yangu, yule anayemchoma ng'ombe sindano asubuhi, na jioni anauza maziwa. Watu kama hao ndio wanaotuletea hao bakteria sugu. Mimi ng'ombe wangu akivimba kiwele, namtibu, na mpaka siku za dawa kutoka kwenye maziwa ziishe, hata tone haliendi kwa mteja. Tangu azae, kiwele kimemsumbua mara tatu, na sijawahi kudanganya mtu.

"Najua huuzi, mama," daktari akasema taratibu. "Hayo maziwa huwa unayapeleka wapi?"

Mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaangalia viatu vyake.

"Nampa ndama. Kwani nimwage chakula?"

Daktari akaacha kuikunja ile karatasi. Kisha akaeleza. Kila ndoo ilikuwa na dawa kidogo, isiyotosha kuwaua bakteria wa tumboni mwa ndama, ila ya kutosha kuwazoesha.

"Mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

"Nilikuambia usiuze."

"Uliniambia nisiuze! Hukuniambia nisimpe!"

Nilipiga kelele hadi ng'ombe akageuka. Nilitaka lawama zote zimwangukie yeye, na nyingine ni zake kweli. Lakini aliyebeba ile ndoo asubuhi na jioni ni mimi, tena nikijiona mwema kuliko jirani.

Tulimnywesha Bibi Harusi maji kwa chupa, kidogo kidogo. Saa nane mchana akakata roho, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Jioni kiwele cha mama yake kilikuwa kimejaa, na siku za dawa zilikuwa hazijaisha. Nilikamua maziwa lita sita, meupe, mazuri kabisa, nikasimama katikati ya ua na ndoo mkononi.

"Mwaga tu," mume wangu akasema.

Nikamwambia amwage yeye.