Ukuta Uliotema Tambuu

Asubuhi alipopigwa picha, Bi Mize alikuwa ameinama kisimani akivuta ndoo ya pili. Kisima kilichimbwa na mama yake, nyuma ya minazi ya Utende, na maji yake hayakuwa na chumvi hata chembe, ndiyo maana chai ya upande ule ilisifiwa mpaka Kilindoni. Aliyeshika kamera alikuwa Mansuri, msanifu majengo kutoka Dar es Salaam, mwenye viatu visivyojua mchanga.

"Shikamoo bibi. Inua uso kidogo."

Bi Mize akainua uso, lakini salamu hakuiitika. Shavu la kushoto lilikuwa limejaa tambuu na mate yalikuwa mlangoni mwa midomo. Peke yake angetema palepale, ila mgeni amesimama mbele, na mtu mzima hamtemei mgeni miguuni. Akabana midomo. Mansuri akapiga picha, akashukuru, akaenda zake. Ndipo Bi Mize akatema.

Kiwanja kile chenye kisima, kaka yake Shamte alikuwa amekwisha kuwauzia watu wa hoteli. Shamte si mwizi, ni mtu wa kuamini maneno. Aliambiwa kiwanja kitazungushiwa ukuta, lakini utaachwa mlango ili wanawake waendelee kuteka maji. Wiki ileile Mansuri alikuja na kompyuta yake barazani kwa Bi Mize, akamwonyesha mlango wenyewe, umechorwa na komeo lake.

"Na huyu aliyevimba shavu ni nani?" aliuliza Bi Mize, kwa kuwa aliuona uso wake umeenea juu ya ule mlango.

Mansuri akaeleza, na alieleza vizuri. Picha, alisema, ni vidoa vidogovidogo vilivyopangwa safu kwa safu, na kila kidoa kina kiasi chake cha kiza. Yeye ameiandikia kompyuta maagizo. Soma kidoa hiki. Kikiwa cheusi, toboa tundu kubwa kwenye bati la chuma. Kikiwa na mwanga, toboa dogo. Kikiwa cheupe kabisa, kipite. Kisha nenda kidoa kinachofuata. Hakuna mtu anayechora. Mashine inatoboa tu, na mtu akisimama mbali anaona sura.

"Kwa hiyo utanitoboatoboa."

"Kwa heshima, bibi."

Mabati yalikuja kwa boti kutoka Nyamisati, ng'ambo ya bara, yakafungwa upande wa barabara. Uso wa Bi Mize ulipanda juu kuipita mipapai, shavu limevimba, midomo imebanwa. Mlango haukuwapo. Pale ulipokuwa umechorwa palikuwa na kidevu chake.

"Umekuwa mkubwa, wifi," alisema Zuena, mke wa Shamte, ambaye hoteli ilimpa kazi ya kufua mashuka. "Wazungu wanakupiga picha mpaka matundu ya pua."

"Na maji?"

"Maji yamo ndani. Wanayatia kwenye bwawa lao, wanayaogelea."

"Bahari hawaioni?"

"Wanasema ina chumvi."

Bi Mize akachukua ndoo zake akaenda kisima cha upande wa mikoko, ambacho maji yake ya chumvi hukata maziwa ya chai kabla hujatia sukari. Aliinywa ile chai funda moja tu. Akatia tambuu kuondoa ladha, akakaa barazani anatafuna, na kuhusu watu wa hoteli akawaza mambo asiyoyawaza mtu mwenye udhu.

Saa hiyohiyo ukuta ukatema.

Ulianza na mwenye hoteli. Alikuwa amevaa kitani cheupe, anawaonyesha wageni wake kidevu, mate mekundu yakatoka kwenye matundu ya mdomo, mazito, yenye vipande vya popoo, yakamfika kifuani. Mafundi wakakagua nyuma ya bati, hawakukuta bomba. Watu wa Utende waliopita na baiskeli zao hawakuona la kuuliza. Mtu alipigwa picha na mate mdomoni, akayabana kwa adabu. Adabu imekwisha.

Ukuta ulitema kila Bi Mize alipotafuna, na Bi Mize akaongeza kutafuna. Alitafuna wageni walipokuwa wakinywa chai yao nzuri. Alitafuna alipoambiwa kuna bibi harusi.

"Tambuu haitoki kwenye shuka, wifi," Zuena alilalamika. "Tazama mikono yangu. Unamwadhibu nani?"

"Mwambie mumeo akufulie. Si ndiye aliyeuza?"

Mansuri akaitwa. Kwanza aligeuza maagizo: penye kiza tundu dogo, penye mwanga kubwa. Mabati mapya yakafungwa, uso ukawa mweupe kama wa aliyepakwa liwa, na ukuta ukatema chokaa, ikambabua meneja sikio. Kisha akaitupa ile picha, akaweka ya papa potwe, samaki mpole ambaye wageni humfuata mpaka hapa kisiwani Mafia. Kompyuta ilisoma vidoa vya samaki kimoja kimoja, mashine ikatoboa. Papa alipofungwa ukutani alikuwa amevimba shavu la kushoto.

Ndipo Mansuri akaenda barazani kwa Bi Mize.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Leo naitika, sina kitu mdomoni."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini, baba? Si umenitoboa kwa heshima?"

Mansuri akatazama viatu vyake. Akasema mlango haukuwa kazi, katika yale maagizo ulikuwa mstari mmoja tu. Lakini mwenye hoteli alisema mlango utaharibu kidevu, na wanawake wenye ndoo watawachefua wageni. Naye akaufuta.

"Uandike tena."

"Hawataki, bibi. Nitakosa kazi."

"Ulipoufuta, uliufuta kwa nini?"

"Kwa kidole. Unabonyeza mara moja."

"Kipi?"

Mansuri akanyoosha kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Bi Mize akakiangalia kwa makini, kama mtu anayechagua bamia, kisha akamtakia safari njema.

Boti ilipofika Nyamisati kidole kilikuwa chekundu mpaka kwenye kifundo. Mansuri alikisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mafuta ya taa. Hakikuuma. Ila kila alichokibonyeza nacho kilitoka kimevimba shavu. Dari la ukumbi wa harusi alilolibuni mjini liliwatemea maharusi wawili kabla halijashushwa. Siku hizi anauza vigae, na risiti anaandika kwa mkono wa kushoto.

Ukuta haukubomolewa. Meneja aligundua kwamba wageni waliotemewa walirudi na wenzao. Hoteli ikanunua makoti ya mvua, ikapanga viti, ikarudisha mabati ya kwanza, kwa kuwa wageni walimpenda bibi kuliko samaki. Kwenye ubao wa ratiba jambo hilo limewekwa alasiri, saa ya Bi Mize ya kutafuna, baada ya kuogelea na papa potwe na kabla ya keki. Wageni wakisha kutemewa wanapiga makofi, kisha ukuta unaoshwa kwa mpira mrefu.

Alasiri moja Bi Mize na wifi yake walisimama nje, kwenye mfereji. Maji mekundu yalipita mbele yao kuelekea baharini. Bi Mize akachovya kidole, akaonja. Chini ya tambuu hayakuwa na chumvi hata chembe.

"Wanaosha kwa ya kisimani," alisema.

"Mabati yanashika kutu kwa maji mengine. Na kisima kimeshuka, wifi. Pampu imeanza kuvuta mchanga." Zuena aliifuta mikono yake kwenye kanga. "Ukiacha kutafuna hawatakuwa na cha kuosha. Maji yatabaki."

"Yatabaki wapi?"

Zuena akautazama ukuta, kuanzia paji la uso mpaka kidevu.

"Humo ndani," alisema.

Bi Mize akafungua kijaluba chake. Akapaka chokaa kwenye jani, akatia popoo na tumbaku, akakunja, akaliweka shavuni upande wa kushoto. Ng'ambo ya ukuta pampu ilikohoa, viti vikasogezwa, na wageni wakaanza kufunga vifungo vya makoti.