Mngurumo wa Kilomita Mia

Apa, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa na mwanafunzi anayejifunza kurudisha gari nyuma, akaniambia hatakuja tena mjini kuchomwa sindano ya jicho.

"Hilo gari lako linanipasua kichwa," alisema. "Debe tupu haliachi kuvuma. Nitakaa na jicho langu hapa hapa kijijini Kochkor."

"Mama yangu, daktari amesema sindano tatu, mwezi kwa mwezi. Ukiruka moja..."

"Nilimsikia. Mimi naumwa macho, siumwi masikio." Akakata simu.

Mwanafunzi akagonga pipa. Siku hiyo sikuwa na nguvu za kumgombeza.

Apa hushona shyrdak, yale mazulia ya sufu yenye maumbo ya pembe za kondoo yaliyokatwa kwa kisu na kuunganishwa kwa mkono. Jicho lake la kushoto lilikwisha zamani. Hili la kulia ndilo linaloshona, na ndilo lililoanza kuona ukungu katikati. Sindano ya kwanza alishachomwa. Ya pili ilikuwa imebakiza wiki tatu. Na kumpandisha gari la watu ilikuwa haiwezekani. "Nina mwana mwenye gari," aliwahi kusema, "nikabanwe na wageni kwa lipi?"

Sasa niliseme hilo gari. Mimi Tologon nina miaka arobaini na mmoja. Mchana nafundisha udereva mjini Bishkek katika kigari cha shule chenye adabu zake, lakini langu mwenyewe ni gari la michezo la Kijapani, milango miwili, silinda sita, na umri unaoukaribia wa ndoa yangu. Nililipenda kuliko nilivyothubutu kumwambia mke wangu. Nilitoa sailensa ya katikati nikaitupa, nikaweka bomba pana la moshi lililonyooka, ili vijana wageuke kwenye taa za barabarani. Wakageuka kweli, nami nikafurahi kama mjinga.

Lakini ukifika kilomita mia kwa saa, mwendo wa barabara ya Kochkor, ndani palijaa mngurumo mnene uliokaa kifuani na kwenye meno. Siku ya sindano ya kwanza nilimbeba Apa ndani ya mngurumo huo kwa saa tatu. Mpaka bonde la Boom alikuwa sawa, amekumbatia mfuko wake wa mikate. Baada ya hapo aligeuza uso dirishani, asiseme neno mpaka mjini. Wakati wa kurudi pia alinyamaza. Nikajua kichwa kinamuuma.

Kwetu dawa ya kila kitu ni kiyiz, sufu ya kondoo iliyomwagiwa maji moto na kukanyagwa hadi ikawa nene kama kidole. Inazuia baridi na upepo, na babu zangu walizaliwa na kufa ndani yake. Nikampigia Apa kumwomba ya kuvisha gari. Hakuuliza sana. Siku ya tatu dereva mmoja aliniletea mabunda mawili, na katikati ya bunda moja vidonge vya kurut, jibini kavu ninayoipenda tangu utotoni.

Nilivua viti, nikatandika kiyiz sakafuni, milangoni, nyuma, hata chini ya dari. Mke wangu Saikal alikuja kutazama na bakuli la chai mkononi.

"Unajenga hema?"

"Naondoa kelele."

"Si ungeliacha kama lilivyotoka kiwandani? Niliyasema haya mwaka juzi. Sikio la kufa halisikii dawa."

Nikalitoa barabarani. Mlio wa matairi ulikuwa umekwisha, upepo umekwisha, kokoto zimekwisha. Ulibaki mngurumo peke yake, na kwa kuwa sasa haukuwa na wa kushindana naye, ulitamba kuliko zamani. Nilirudi nyumbani nikitaka kulia. Zilibaki siku nane.

Ndipo nikaenda kwa Ismar, Mdungani wa wale Waislamu waliotoka China zamani, mchomeleaji pale soko la vipuri. Moto ulishamla nyusi, lakini ulimi ulimwachia. Alifungua mlango, akabonyeza sufu kwa kidole, akacheka hadi akakohoa.

"Umelivisha koti! Ngoma ukiivisha koti inaacha kulia?"

"Kaka Ismar, nimekuja kusaidiwa, sikuja kuchekwa."

"Yote mawili utayapata. Sufu inazuia sauti nyembamba. Hii nene inapita humo kama ng'ombe kwenye uzio wa mabua. Inayoimba ni hewa iliyo ndani ya bomba lako. Twende barabarani."

Tulikwenda, kiganja chake sakafuni, macho kwenye mshale wa mizunguko ya injini. Ulipofika elfu mbili na mia saba akapiga kelele, "Hapo! Hapo ndipo linapochanganyikiwa!"

Tuliporudi akaingia chini ya gari. Raba moja inayoning'iniza ekzosi ilikuwa imekatika, na bomba linagusa bati la sakafu. "Linajipiga kwa mkia wake," alisema, akafunga raba mpya. Kisha akaweka sailensa nyingine katikati, na pembeni ya bomba kuu akachomelea bomba jingine lililozibwa mwisho, refu kidogo kuliko hatua ya mtu mzima.

"Hili linakwenda wapi?" niliuliza.

"Haliendi popote, na hiyo ndiyo kazi yake. Sauti inaingia, inagonga ukuta, inarudi. Urefu ukiwa sahihi, inarudi kinyume na mwenzake anayekuja, wanamalizana wenyewe kwa wenyewe. Urefu usipokuwa sahihi, umebeba chuma bure."

"Na ule mlio wangu wa kwenye taa?"

"Uage."

"Wote?"

"Una miaka mingapi?"

Tulijaribu, mngurumo ukawa umehamia tu kwenye mwendo mwingine. Akakata bomba kwa upana wa vidole vitatu, akaziba tena, tukajaribu. Akakata kimoja. Safari ya tatu nilifika kilomita mia nikasubiri kifua kitetemeke. Hakikutetemeka. Nilichosikia ni Ismar akitafuna mbegu za alizeti.

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamshukuru mpaka akaona haya. Zaidi ya ujira wake aliomba kitu kimoja tu, kipande cha kiyiz kilichobaki, akitandike kwenye benchi lake la chuma. Nilimpa kikubwa.

Siku ya sindano niliamka alfajiri nikaenda Kochkor bila kumwambia Apa. Niliingia uani, nikazima injini, nikasukuma mlango. Alikuwa ameinamia shyrdak, pua karibu iguse sindano. Aliruka.

"We! Unaingia kama mwizi! Siku zote nakusikia ukiwa darajani, naweka birika. Leo hata chai haijachemka!"

"Ndivyo nilivyotaka, mama yangu. Panda ujionee. Likikupasua kichwa nakurudisha."

Alichomeka sindano kwenye sufu, akachukua mfuko wake wa mikate. Ndani ya gari alipapasa kiyiz ya mlangoni. "Hii niliikanyaga na dada yako," alisema.

Tulipoingia bonde la Boom, mshale ulikuwa kwenye mia. Apa alifungua viganja mapajani, akasema kwa ile sauti yake ndogo isiyojua kupanda, "Mungu akupe njia nyeupe, mwanangu, kwa kunibeba. Watoto wako wakubebe hivi hivi."

"Omin," nikaitikia, nikajipangusa uso kwa mkono mmoja kufunga dua.

Alinigeukia. "Leo umeitikia."

"Lini sikuitikia?"

"Mwezi uliopita. Hapa hapa, maneno haya haya. Viganja vyangu vikabaki wazi vikingoja omin yako, wewe unatazama barabara." Alikunja mfuko wake. "Mtu anayeikataa dua ya mama yake amechoka naye. Nikasema basi, nisimchoshe zaidi. Kichwa nacho kiliniuma, sikusema uongo."

Nilisimamisha gari kando ya mto. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Alidhani nimemchoka, na bado alinitumia sufu aliyoikanyaga mwenyewe, na kurut ndani yake.

"Mama, sikusikia. Wallahi sikusikia. Gari hili liliimeza dua yako."

Aliangalia mikono yangu kwenye usukani. Kisha akanipiga begani, na si kidogo.

"Mjinga wewe. Mwezi mzima sikulala." Akajifuta jicho la kulia kwa ncha ya kilemba. "Haya, twende, daktari hangoji."

Nikaliondoa gari. Alianza na habari za jirani na ndama wake, akaingia kwa dada yangu, akaingia kwa marehemu baba, akasema mpaka Bishkek, na sikukosa hata neno moja.