Fundi Gani

"Mjomba, unaitwa nje."

Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba apitishiwe koleo. Mjomba akaweka chini bisibisi, akafuta mikono kwenye suruali, akapita kwenye pazia. Mimi nikabaki nyuma ya pazia hilo, nimevaa blauzi niliyoinyoosha asubuhi kwa pasi ya mteja.

Ni miaka thelathini na minne sasa, na meza ninayofanyia kazi ni ile ile. Mgongo ndio umebadilika.

Karakana yetu ilikuwa vyumba viwili: mbele kaunta, nyuma meza ya kazi, katikati pazia zito lililopauka. Mjomba alikuwa na mikono iliyojua kila kitu, lakini macho yalikuwa yameanza kumsaliti, na shule hakuifikia hata mlangoni. Mimi nilijifunza kwa kufungua redio zilizokufa, moja baada ya nyingine, nikichora kwenye daftari mahali pa kila waya kabla ya kuugusa. Likizo ile nilikuwa na miaka kumi na saba, na nusu ya kazi ilikuwa mikononi mwangu. Ila Mjomba alikuwa na sharti.

"Mteja akiona binti kashika bisibisi," aliniambia, "atabeba redio yake aende kwingine. Wewe kaa nyuma, mwanangu. Kazi haina sura."

Mbele alikaa binti mwenzangu, rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza. Tulimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Aliwapokea wateja, akawatania, na wakishaondoka akawabatiza majina ya vitu walivyoleta: Mama Feni, Mzee Pasi, Bwana Tochi. Kila kitu kilichopona nilikifungia kikaratasi kwa uzi, nikiandika kilichobadilishwa na namna ya kukitunza. Mwishoni niliweka neno moja tu: Fundi.

Redio Nyekundu alikuja wiki ya kwanza ya likizo. Alikuwa kijana mrefu, mwenye sauti inayoomba radhi hata anaposalimia. Redio yake ya kaseti ilikuwa inameza kanda. Nilibadilisha mpira wa ndani, nikaandika: "Usizungushe kanda kwa kidole. Fundi."

Siku tatu baadaye alirudi na pasi. Kile kikaratasi changu cha redio alikuwa amekifunga kwenye waya wa pasi, na nyuma yake ameandika kwa penseli: "Fundi, umejuaje kuhusu kidole?"

Nilicheka peke yangu. Nikajibu: "Kidole huacha alama." Baada ya pasi ikaja tochi, baada ya tochi saa ya mezani ambayo haikuwa na ugonjwa wowote isipokuwa betri iliyogeuzwa.

"Huyu kwao hakuna kitakachobaki kizima," Chiriku alisema, akiingiza kichwa kwenye pazia. "Na kuna mtu humu leo kajipaka mafuta. Kuna mtu anakuja kazini ananukia."

"Rudi mbele kwa wateja wako."

"Mimi sijamtaja mtu, Bibi Bisibisi. Nimesema kuna mtu."

Ndivyo tulivyozoea kusemana, hata nyumbani. Ukitaka kumgusa mtu bila kumkabili, unasema "kuna mtu", naye anajua. Kwa hiyo kikaratasi cha wiki ya tatu kiliposema, "Fundi, nina siri. Kuna mtu hapo kwenu, kila nikija nashindwa kumwambia. Nifanye nini?" sikuhitaji kukisoma mara mbili. Nilikisoma mara kumi. Juzi yake upepo ulikuwa umelifungua pazia, naye akatazama upande wangu akatabasamu. Kwamba Chiriku alikuwa amesimama kati yetu, wala sikuliweka kwenye hesabu. Mimi, niliyekuwa nachora kila waya kabla ya kuugusa.

Nilikaa na penseli mpaka chai ikapoa. Nikaandika: "Mtu huyo amekuona zamani. Njoo Ijumaa, useme mwenyewe. Fundi."

Ijumaa nilisugua vidole kwa mafuta ya taa kisha kwa sabuni, mara tatu. Mjomba alinusa hewa, akauliza kama kuna jiko linavuja. Saa nne nikasikia hatua za Redio Nyekundu. Nikashika pindo la pazia.

"Leo sikuleta kitu," alisema kule mbele. "Nimekuja kwako."

"Kwangu?" Chiriku alicheka. "Mimi sitengenezi, kaka. Mimi napokea tu."

"Nakupenda. Nilimwambia fundi wenu mambo yote, ndiye aliyenipa moyo. Tumeandikiana kama baba na mwana. Naomba nimsalimie huyo mzee."

Chiriku akanyamaza. Kwa miaka yote niliyomjua, ule ulikuwa ukimya wake wa kwanza, na ulikuwa mrefu kiasi cha mtu kutunga uzi kwenye sindano, akakosa, akatunga tena. Pindo la pazia lilikuwa bado mkononi mwangu. Hatua moja tu ilitosha.

Ndipo nilipomwita Mjomba.

Alirudi akitikisa kichwa kwa furaha. "Vijana wa siku hizi wana adabu, bwana. Kanipa mkono mara mbili, yote kwa sababu ya pasi!"

Redio Nyekundu na Chiriku walitembea pamoja mpaka shule zilipofunguliwa. Chiriku alinisimulia kila kitu, alichosema, alichovaa, walipokaa, ila vile vikaratasi hakuvitaja hata siku moja, nami sikuvitaja. Kijana akaenda kusoma mbali. Barua zilikuja kila wiki, kisha kila mwezi, kisha posta ikawa posta tu. Chiriku alipolia alilia begani kwangu. Nilimshika vizuri. Na mimi machozi yalinitoka, na sikujua namlilia nani.

Kila mmoja aliolewa kwake, tukalea, tukazika. Mjomba naye alitangulia. Nililitoa pazia siku ya arobaini yake, na kweli wateja wachache walibeba redio zao wakaenda kwingine. Siku hizi watu hawatengenezi tena, wanatupa.

Mwezi uliopita Chiriku alikuja na feni ya marehemu mama yake. Alikaa kwenye kigoda, akanitazama nikiifungua. Hakumtania mtu, nikadhani ni uchovu. Sote tunachoka mapema sasa.

"Mjomba wako," alisema, "alikuwa hajui kuandika hata jina lake."

Nilikuwa na skrubu mbili mdomoni. Nikazitoa, nikaziweka kwenye kifuniko cha kopo, moja baada ya nyingine.

"Ndiyo," nikasema.

"Nililikumbuka hilo siku ile ile. Pale kaunta."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja utoke wewe. Ukamtoa Mjomba. Nikajua basi, kijana humtaki." Akapangusa vumbi kwenye panga la feni kwa kiganja. "Au nilijifanya nimejua. Nilikuwa na miaka kumi na saba, dada. Alikuwa ananitazama mimi."

"Nami nilingoja uniulize."

"Basi tumengoja," akasema. "Wewe na mimi tumengoja sana."

Nilisafisha mota, nikatia mafuta, nikafunga skrubu zote. Feni ikazunguka, ikatupepea sote wawili. Kwa mazoea nikachukua kikaratasi na uzi: "Itiwe mafuta kila baada ya miezi sita. Isivutwe kwa waya. Fundi."

Chiriku alikisogeza mbali na macho, kama tunavyosoma siku hizi.

"Fundi gani?" akauliza.

Nikakichukua tena, nikaandika jina langu.