Sanda Zinazongoja Sahihi

Kikomo kile alikiweka Sirad mwenyewe, tena kwa ubishi. Wakubwa walikuwa wamechoka kuulizwa na wakaguzi kwa nini kila idara ya manispaa inajinunulia vitu bila kuuliza mtu, basi wakamtupia yeye kazi hiyo. Si ndiye mkuu mpya wa ununuzi? Haya, aseme msimamizi wa idara anaruhusiwa kutumia kiasi gani kwa sahihi yake mwenyewe, na kuanzia wapi ombi lazima lipande mezani kwake. Idara ya taka akaikata, ya taa za barabarani akaikata, ya kichinjio akaikata mpaka daktari wa mifugo akaacha kumsalimia.

Alipofika makaburini alisita. Tangu mwaka ule wa mafuriko, mji mzima huzikwa kwa sanda za manispaa, tajiri na maskini, ili maiti asicheleweshwe na watu kuzunguka madukani. Anayeziomba ni Bulle, msimamizi wa makaburi, mtu mrefu asiyependa maneno. Sirad alikuwa amegundua jambo moja: Bulle haombi sanda mtu akifa, anaomba kabla. Akasema moyoni huyu bwana ana mchezo, anauza vitambaa sokoni. Kwa hiyo akaulizia bei ya sanda ya mwanamume, vile vitambaa vitatu, akaweka kikomo chini yake kidogo tu. Sabuni, pamba na kafuri Bulle ajinunulie. Ya mwanamke ni vitambaa vitano, bei iko juu zaidi, kwa hivyo nayo imeshikwa. Kamati ilipitisha bila swali, na Sirad akajiona hodari.

Siku hizo mwanawe wa pekee, Hamze, alikuwa wodini. Mtoto alizaliwa na moyo wenye kasoro, na madaktari wa Nairobi walikuwa wamemrudisha nyumbani kwa maneno ya upole, hakuna kingine. Kila siku Sirad alitoka hospitali asubuhi akaingia ofisini, adhuhuri akakimbia kumnywesha uji, Hamze akimwita hooyo, mama, akarudi tena kazini. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja, mtoto yule aendelee kupumua.

Ombi la kwanza likafika chini ya utaratibu mpya: sanda moja, bila jina, kama maombi yanavyoandikwa siku zote. Sirad akampigia Bulle kumwuliza ni nani amekufa. Bulle akasema bado. Sirad alicheka kwa hasira, akatia sahihi makusudi ili amnase. Alasiri ile ile mchuuzi mmoja wa ngamia kutoka Eldas, aliyekuwa amelazwa kwa kidonda cha mguu tu, akakata roho. Ombi la pili likaenda vivyo hivyo. La tatu hakulitia sahihi, alimwita Bulle ofisini.

Bulle alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi, wala hakujitetea. Alisema wenye sanda huja wenyewe. Jua likiwa utosini mtu husimama langoni mwa makaburi, mtu wa kawaida kabisa, vumbi miguuni, akauliza kama nguo yake ipo. Akiambiwa ipo, hushukuru akaenda zake, na kabla ya magharibi analetwa amebebwa.

"Na ikiwa haipo, adeer?" Sirad alimwuliza, kwa heshima ya ami.

"Haijawahi kukosekana, abaayo, dada yangu. Huyu wa leo ndiye wa kwanza niliyemwambia haipo. Ameketi chini ya ukuta, anangoja."

Mtu mwingine angesoma Ayatul Kursi, akatia sahihi, yakaisha. Kichwa cha Sirad kilikuwa kimeshaanza hesabu nyingine. Kama sanda haijanunuliwa, mtu haondoki. Na sanda hainunuliwi bila yeye. Maombi hayana majina, angejuaje sanda ipi ni ya Hamze? Akalitia lile ombi kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Yaliyofuata akayafungia humo humo.

Hakuna aliyekufa tena. Mwanzoni hospitali ilifurahi, wauguzi wakasema ni baraka, wakagawa tende. Kisha wakaacha kusema. Kulikuwa na mzee ambaye mapigo yake ya moyo hayakusikika kwa kifaa chochote, na bado macho yake yalimfuata kila apitaye. Kitanda cha pili kutoka kwa Hamze alilala Bibi Nunow wa Iftin, aliyeliwa na saratani, aliyekwisha kuagana na wanawe na kutamka shahada. Aliitamka tena kesho yake, na kesho kutwa, mpaka sauti ikakauka ikabaki midomo tu. Nzi walimtua usoni asiwafukuze. Siku moja alimshika Sirad kwa mkono uliokuwa baridi kama mtungi, akamnong'oneza, "Mwanangu, nani amenizuia?"

Sirad aliona haya, wallahi aliona haya. Lakini aligeuka akamwona Hamze ameegemea mto, ana masharubu ya uji, na haya yote ikamwisha. Nunow asamehe. Wote wasamehe.

Akatoka kurudi ofisini kwa njia ya makaburi, jua kali. Walikuwa wamejipanga chini ya ukuta, wamekaa kimya, magoti kifuani, na hakuna mmoja wao aliyekuwa na kivuli. Wachuuzi wa sokoni walipita bila kugeuza shingo. Mbuzi ndio walioona, waliacha majani mazuri ya pale na kuzunguka upande wa pili wa barabara. Katikati ya mstari alikaa Bibi Nunow, ambaye Sirad alikuwa amemwacha kitandani muda ule ule. Sirad alijilazimisha kumtazama kila mmoja usoni hadi mwisho wa mstari. Hamze hakuwamo. Akamhimidi Mungu kwa sauti, peke yake barabarani, kama mwendawazimu.

Siku chache baadaye Bulle alikuja ofisini bila kuitwa. Alikuwa amekonda. Alimweleza kwamba ukuta umejaa, na kwamba sasa wameanza kulia, si kwa sauti kubwa, lakini hawanyamazi, naye hawezi kula. Alimwomba kwa jina la Mola atie sahihi, hata kama ni chache tu. Sirad akamwambia hatatia hata moja maadamu yu hai, na kama hapendi aende kwa kamati. Ndipo akaona kifurushi cheupe chini ya kwapa lake.

"Hicho nani amekuruhusu?"

"Hiki kiko chini ya kikomo," Bulle alisema. "Ya mtoto ni kitambaa kimoja tu, abaayo. Sahihi yangu inatosha."

Bulle akaendelea, kwa upole wa mtu asiyejua anachokisema, kwamba kitoto cha kiume kilikuja langoni muda si mrefu. Wale wa ukutani walikipisha kipite mbele. Alikitaka kikae kivulini kwanza, yeye aende kumwuliza mkuu wa ununuzi.

"Akaniambia usisumbuliwe," Bulle alisema. "Hooyo yuko kazini."

Sirad alimwamuru akirudishe kitambaa dukani, sasa hivi, atamlipa maradufu, atakifuta kikomo, atatia sahihi zote, za ukuta mzima. Alikuwa ameshaanza kuhangaika na ufunguo wa droo. Bulle alimtazama, na kidogo kidogo akaelewa, uso ukamporomoka.

"Nimeshamwambia ipo."

Sirad alimnyang'anya kile kitambaa akakikumbatia, akalia kilio kilichosimamisha ofisi nzima. Kitambaa kilining'inia kifuani mwake, kifupi, hakikumfika hata magotini.