Buni Moja, Matumbo Mawili

Mkago ni kazi ya wanaume. Wawili huketi mkekani, hupasua tunda la buni, yaani kahawa mbichi, lenye punje mbili, kila mmoja hujichanja karibu na kitovu, huipaka punje damu yake na kummezesha mwenzake. Tangu hapo ni ndugu, na ole wake atakayemnyima mwenzake chakula. Ndiyo maana kwetu rafiki huitwa munywani, yaani uliyenywana naye.

Lakini ile miaka ya vita vya Hitla, wanaume wa Nyakatuntu wenye meno kamili walikuwa wamechukuliwa jeshini, na waliobaki walikuwa wa kumeza uji, si buni. Kwa hiyo Kokuberwa na Anatolia hawakuona wa kuwakataza.

Anatolia, binti wa wafugaji, alikuwa ameposwa ng'ambo ya mto Kagera, Ruanda kwa Wabelgiji. Kokuberwa, binti wa migomba na kahawa, hakuwa na njia ya kumfuata, na kumwacha aende hivi hivi hakuweza.

"Utapata munywani mwingine huko, mwenye ng'ombe mia," alimtania wakiwa wamejificha shambani.

"Na wewe utaolewa na kibogoyo, uwe unamtafunia nyama. Lete huo wembe."

Tunda walilochuma lilikuwa na punje moja tu, ya mviringo. Walitazamana. Mama yake Anatolia alikuwa akiita kwa mbali, ndama wameingia kwenye maharage. Nani angeanza kutafuta tunda jingine? Kokuberwa aliikata ile punje katikati, wakapaka damu, wakamezeshana, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Bibi Placidia, aliyemlea Kokuberwa tangu mama yake afariki, alipohadithiwa hakucheka.

"Nusu? Mmemeza nusu nusu?"

"Bibi, si kahawa tu?"

"Punje mbili ni watu wawili, kila mtu na tumbo lake. Punje moja ni tumbo moja. Mmejifunga, na sijui mmejifunga wapi."

Anatolia alivushwa mto kwa mtumbwi akaolewe huko huko. Siku ya harusi Kokuberwa alikuwa akipalilia, hajatia kitu kinywani tangu alfajiri. Ghafla akacheua. Maziwa. Kisha nyama. Alishiba mpaka akalegeza nguo kiunoni.

"Bibi, raha iliyoje! Mwenzangu anatafuna, mimi nashiba. Ningejua ningenywana na binti wa chifu."

Bibi Placidia alijifanya anapepeta maharage.

Ule utani haukudumu. Ng'ambo mvua iligoma, viazi vikashikwa na ugonjwa vikaoza ardhini, na kidogo kilichobaki kikachukuliwa kwa ajili ya vita. Watu walianza kuvuka Kagera wakiwa mifupa iliyovaa ngozi. Kila aliyepita, Kokuberwa alimuuliza habari za Anatolia. Hakuna aliyemjua.

Habari alikuwa nazo tumboni. Alikula chungu kizima cha ndizi za samli, na njaa ikabaki pale pale kama mgeni asiyejua kuaga. Alikula mpaka mataya yakauma. Alikonda huku akitafuna. Majirani walikuja kumtazama akila, wakacheka. Baadaye wakaja bila kucheka. Mwisho hawakuja tena.

Ndipo Bibi Placidia alipochemsha mizizi yake na kuitia kwenye kibuyu.

"Utakunywa hii, utaitapika ile nusu. Chakula chako kitakuwa chako tena."

"Na Anatolia?"

"Njaa yote uliyombebea itamrudia kwa mara moja." Bibi aliangalia pembeni. "Mimi nina mjukuu mmoja tu."

Kokuberwa aliomba kwanza aende kusali. Jumapili alirudi kutoka kanisani akishikiliwa na Bibi, akaketi ndani, akakiweka kibuyu mapajani. Ilikuwa mchana, lakini ukungu wa mtoni ulikuwa umeganda kwenye migomba na jua halikuonekana.

"Shikamoo Bibi," sauti ilisema mlangoni.

Bibi Placidia aligeuka, akashika mdomo.

Alikuwa Anatolia, miguu mitupu, nguo imechanika, paji la uso lina jeraha. Na alikuwa amenona. Mashavu yanang'aa kama ya bibi harusi.

"We Anatolia! Watu wanakufa huko, wewe umenona hivi?" Kokuberwa alimaka.

"Na wewe uko katikati ya migomba, umekuwa fito?"

Walicheka wote wawili. Halafu kicheko kikakatika, wote wawili mara moja.

Anatolia hakuvuka kizingiti. "Nilikula majani, Koku. Siku nyingine hata hayo sikupata. Lakini kila jioni nacheua ndizi za samli. Watoto wa shemeji walikuwa wanakufa na mimi nguo zinanibana. Mama mkwe akaninusa mdomo. Wakasema nakula watu, wakanifukuza kwa mawe." Alimtazama mwenzake kuanzia shingo hadi vifundo vya miguu. "Nimekuja nione kama walisema kweli. Kumbe kweli. Nimekula mtu."

"Nyamaza."

"Hicho kibuyu ni cha kututenganisha?" Anatolia aliuliza, akiinusa ile mizizi.

"Ndiyo," Bibi Placidia alisema. "Akinywa, utakufa wewe."

"Basi anywe."

Kokuberwa alikiinua kibuyu. Harufu yake ilimpanda puani. Tumbo, lile tumbo lisilo lake, likanguruma.

"Siku ya harusi," alisema, "walikuchinjia nini?"

"Fahali."

"Mzee sana. Mpaka leo taya linaniuma."

Akakitua kibuyu. Alichukua kipande cha ndizi iliyopoa, akamsogelea Anatolia kwa magoti, akamvuta ndani na kumsukumia kinywani.

"Tafuna."

Anatolia alitafuna. Kokuberwa alifumba macho. Kitu kilimshuka kooni polepole, cha uvuguvugu, kitamu, na kikafika. Tangu njaa ilipoanza hakuna kilichowahi kufika. Machozi yakamtoka.

"Tena," alisema. "Usiache."

Anatolia alielewa. Huku akitafuna alimega kipande kingine, akakitia katika kinywa cha mwenzake.

Bibi Placidia aliinama karibu ili aone vizuri. Akaona: Kokuberwa akitafuna, koo la Anatolia lilipanda na kushuka, Anatolia akitafuna, koo la Kokuberwa lilimeza. Alijivuta nyuma hadi ukutani. Akaenda kufunga mlango, ingawa ilikuwa mchana.

"Na mkigombana?" aliuliza.

Waliendelea kulishana.

"Na siku mmoja wenu akishindwa kula?"

Vinywa vyote viwili vilikuwa vimejaa.