Mikanda Haina Miguu

Kiti cha msomaji katika karakana yetu hatukupewa na mwenye mali kwa huruma. Tulikipata kwa mgomo, na niliyeuongoza mgomo ule ni mimi, asikudanganye mtu. Tunashona sare za shule. Asubuhi vyerehani vinanguruma hata ukiitwa husikii. Alasiri vinazimwa, sote tunashika sindano, tunashona vifungo na kukunja pindo kwa mkono. Hapo mmoja hupanda kitini, karibu na meza ya kukatia, akawasomea wenzake kwa sauti, nao hugawana fungu lake la kazi. Magazeti, vitabu vilivyochakaa, hadithi fupi. Miaka yote msomaji nilikuwa mimi. Waliniita Kipaza.

Kisha akaja Mwalimu.

Alikuwa mtoto wa dada yake Bi Mkasi, mkataji wetu, na alifundisha mambo ya lugha chuoni. Kijana mrefu, viatu vinang'aa utadhani havikanyagi chini. Siku ya kwanza aliomba kusikiliza. Siku ya pili akaomba kuuliza. Mpe mgeni kigoda, kesho atataka kitanda.

Nilikuwa nimesoma hadithi ya baba na bintiye anayetaka kuhama nyumbani. Kawaida yetu tungebishana: baba mbaya, baba si mbaya, basi. Mwalimu akasema tusianze na wema na ubaya.

"Maneno yana kazi, kama nyinyi," alisema. "Yanasimulia jambo, na papo hapo yanawapanga watu, huyu juu, huyu chini. Tazameni nani anatenda na nani anatendewa. Nani yupo tu, anaona na kuhisi. Nani anaamuru, nani anaomba, nani hajibiwi. Mkiyajua hayo mtajua wanaishije humo ndani."

"Baba huyu," akasema mke wangu kutoka benchi la vifungo, "hajamwambia bintiye neno lililo lake. Kila mara ni 'watu watasemaje', 'haifai', 'inabidi'. Haamuru wala haombi. Anamwogopa mtoto wake mwenyewe."

"Hasa," Mwalimu akasema, akamtazama. "Hasa kabisa, dada."

Mke wangu akainamisha uso juu ya sindano, lakini nililiona tabasamu. Namjua huyu mwanamke. Lile halikuwa tabasamu la kifungo.

Tangu hapo akawa anawahi benchi la mbele. Nyumbani, redio ikitangaza kwamba nyumba zimebomolewa, yeye anaosha vyombo na kuuliza, "Zimebomolewa na nani?" Swali zuri. Swali la kwangu, nimelipigia kelele tangu ujana. Lakini lilitoka kinywani mwake likiwa na lafudhi ya mtu mwingine, likanichoma.

"Huyo Mwalimu wako," nikamwambia, "amewahi kushika sindano?"

"Wangu tangu lini?"

"Unamjibu kabla hajamaliza kuuliza."

"Na wewe unakasirika kabla sijamaliza kujibu. Lete hiyo sufuria."

Nikaona nimtegee mtego. Nikaandika hadithi ya mgomo wetu, nikaisoma karakanani kama kitu nilichokiokota kwenye jarida la zamani. Hesabu yangu ilikuwa hivi: Mwalimu ataipima kwa vipimo vyake, atakosea kwa kuwa hakuwepo, nami nitasimama niseme mwandishi ni mimi na mambo yalikuwa hivi na hivi. Watu waone tofauti ya aliyesomea moto na aliyeungua.

Nilisoma vizuri siku ile. Mshonaji anahutubia langoni. Wenzake wanaamka. Mwenye mali analeta vibarua wachukue nafasi zetu, lakini mikanda inayozungusha vyerehani imetoweka, kazi inalala, bwana mkubwa anasalimu amri. Nyumbani mke wa shujaa anangoja. Nilimpa machozi mazuri sana mke yule.

"Haya, Mwalimu," nikasema. "Tuchambulie."

"Samahani mzee, mimi mgeni. Waanze wenyewe."

Mzee, eti.

Bi Mkasi akaanza. "Shujaa huyu ana mapafu. Anahutubia, anaamsha, anaongoza. Sisi wengine humo tunafanya nini?"

"Tunaamshwa," akajibu mpiga pasi. "Tunaongozwa. Halafu tunapiga makofi."

"Kazi nyepesi. Niandikeni na mimi."

Wakacheka. Mke wangu hakucheka. Alikuwa ameichoma sindano kwenye kola na kuiacha hapo.

"Mimi namtazama mke," alisema. "Anangoja, anaogopa, analia, anafurahi mumewe akirudi. Hashiki kitu chochote, hata mwiko hashiki. Mume anasema na umati, anasema na mwenye mali, na mkewe hamwambii neno hata moja. Hawa si mume na mke. Huyu ni mtu na fanicha yake." Akaichomoa sindano. "Tena nina swali la mikanda. Ilitowekaje? Mikanda haina miguu."

Sisi wachache tuliobaki wa enzi zile tukaanza kukwepana macho. Mpiga pasi akaanza kucheka peke yake, mabega yanapanda na kushuka.

"Ilibidi kufupisha," nikasema.

"Aa," akasema Bi Mkasi taratibu. "Kumbe mwandishi tunaye."

Basi mpiga pasi akawasimulia waliokuja baada ya mgomo. Saa ya chakula, siku ile tuliyogoma, mke wangu aliivua mikanda yote ya ngozi, akajizungushia tumboni chini ya gauni, akatoka langoni kashika kiuno kama mjamzito aliyekaribia kujifungua. "Mimba ya ng'ombe," alimaliza, na Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani.

"Kesho asome yeye," akasema Bi Mkasi. "Kipaza apumzishe koo."

Mikono ikanyanyuka. Nikatafuta mkono ulio chini, nikauona wangu.

Njiani kurudi nyumbani mke wangu akaniuliza, bila kunitazama, "Baba watoto, kwa nini hukunitia humo?"

"Mlinzi alikushika mkono."

"Mlinzi gani?"

"Yule mwenye mwanya. Alikuvusha barabara nzima. Akakwambia 'pole mama', nawe ukamchekea. Nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha fundi viatu, nikaona kila kitu."

Akasimama katikati ya njia. "Miaka yote hii unamfuga mlinzi kifuani?"

"Sijamsahau mtu. Msimamizi aliyetuita mbuzi sijamsahau, msaliti wetu sijamsahau."

"Uliyemsahau ni mimi," akasema, akatangulia.

Siku iliyofuata akapanda kitini. Hakushika gazeti. Akaianza hadithi yangu upya, kwa sauti ndogo iliyowafanya watu wasogeze mabenchi. Nilipokuwa nikisoma mimi, mabenchi yalibaki palepale siku zote, na hilo nalo niliona. Mwalimu alikuwa nyuma, karibu na mlango, lakini sikuwa na habari naye tena. Wivu wangu wote ulikuwa umehamia kitini. Mke wangu alipofika kwenye lango, akanitafuta kwa macho.

"Hapa pana mlinzi," alisema. "Baba watoto, wewe ulikuwepo. Alifanya nini?"

Wote wakanigeukia.

"Alimshika mkono," nikasema.

"Aliushika, au alipewa?"

Niliiona ile barabara. Nilimwona mke wangu amemlalia yule bwana kwa uzito wake wote, akimsukuma kwa bega aende anakotaka yeye, mkono wa pili umeibana mikanda isiteleze. Na kicheko chake, kilichofunika mlio kila vishikizo vya chuma vya mikanda vilipogongana chini ya gauni.

"Alipewa," nikasema. "Mlinzi ndiye aliyekuwa akivushwa."

"Na mume?"

"Mume alikuwa kibandani. Anaona tu."

Hakunisifu wala hakunicheka. Akaendelea na hadithi, akamwigiza mlinzi na "pole mama" yake, na karakana nzima ikaangua kicheko. Sikupenda alivyomwiga kwa upole vile, sikupenda hata kidogo, na nilitaka kujua kinachofuata.