Tangazo Bila Muhuri

Halmashauri yetu ina ugonjwa wa muhuri. Tangazo huchapwa vizuri kwenye kompyuta, kila herufi mahali pake. Kisha hutolewa kwenye karatasi, hupelekwa masjala likagongwe muhuri, Mkurugenzi hutia sahihi, halafu karatasi hiyohiyo hupigwa picha, mara nyingine ikiwa imelala ubavu. Picha ndiyo huletwa kwangu niiweke kwenye tovuti, maana fundi wa tovuti ni mimi. Nimewaambia mpaka mate yamenikauka: simu ya asiyeona husoma maandishi kwa sauti, lakini karatasi iliyopigwa picha kwake ni picha tu. Mkuu wa masjala, ambaye sote tunamwita Bwana Muhuri, jibu lake ni moja.

"Tangazo bila muhuri ni umbea."

Mjomba wangu haoni. Ni fundi wa zipu na mabegi, ana kibanda cha kona sokoni, na kibanda hicho ndicho kilichonisomesha. Siku moja majirani walimwambia kwamba wenye vibanda wote wanatakiwa kuomba upya kupitia tovuti, na asiyeomba mpaka Ijumaa, kibanda chake anapewa mwingine. Akafungua tangazo kwa simu yake. Simu ikasema, "Picha." Akagusa tena. Simu ikasema, "Picha."

Jioni nikamfuata kwake, aibu imenijaa.

"Mjomba, nipe simu nikujazie. Ni dakika moja tu."

Akaitia simu mfukoni. "Yule mama wa vitunguu wa mstari wa pili naye haoni. Hana mpwa halmashauri. Atajaziwa na nani?"

"Nitamjazia mimi."

"Na wa masoko mengine?"

Nikanyoosha tena mkono kuiomba simu.

"Sikuombi unisomee, mpwa wangu. Nimesomewa barua zangu zote, hata za mapenzi, na waliokuwa wakinisomea walikuwa wanacheka. Imetosha. Kama wanataka kuninyang'anya kibanda, waniambie wenyewe."

"Ijumaa ikipita je?"

"Ikipita nitahamia mlangoni kwenu na cherehani yangu."

Hakuwa anatania. Ukoo mzima wa mama yangu una vichwa vigumu, na yeye ndiye mkubwa wetu.

Asubuhi Mkurugenzi akaniita. Mwanasheria wa halmashauri alikuwa ameketi dirishani na kikombe cha chai. Mezani palikuwa na tamko ambalo sheria mpya inaitaka kila ofisi ya umma ilitoe, kueleza kama tovuti yake inaweza kutumiwa na watu wote, wenye ulemavu wakiwamo. Walikwisha kuliandika. Tovuti yetu, lilisema, imetimiza sheria kikamilifu. Ilibaki sahihi ya fundi.

"Haijatimiza," nikasema.

"Kile kitufe je?"

Kitufe chenyewe ni kipicha cha kiti cha magurudumu kwenye kona ya ukurasa. Ukikibonyeza, herufi zinakuwa kubwa. Mkurugenzi anakipenda utadhani amekizaa.

"Mkubwa, kwa kitufe kile tunawapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mjomba wangu hata ukimkuzia herufi zikagusa dari, bado haoni."

Mwanasheria alikohoa ndani ya kikombe. Mkurugenzi hakukohoa.

"Binti, weka sahihi. Mengine tutarekebisha taratibu."

Nina miaka arobaini na tatu, na mwanangu wa kwanza ananyoa ndevu. Mtu huyu huniita binti anapotaka nifanye jambo ambalo yeye mwenyewe hathubutu kulifanya.

"Kwenye uongo siweki sahihi," nikasema, nikachukua karatasi yao nikarudi mezani kwangu.

Sheria nilikuwa nimeisoma, na nadhani katika jengo lile tuliisoma wawili tu. Haikusema lazima tuwe wasafi. Ilisema tuseme kweli, kipi hakifanyi kazi na kinamkwamisha nani. Basi nikaandika: Tovuti hii haijatimiza sheria. Matangazo yetu ni picha, na asiyeona hawezi kuyasoma. Tangazo la vibanda vya soko ni mojawapo, na mwisho wa kuomba ni Ijumaa hii. Nikaweka jina langu, nikalipandisha tamko hilo ukurasa wa mbele. Niliogopa, sifichi, kazi hii ndiyo inayonilisha. Lakini heri lawama kuliko fedheha.

Mkurugenzi alishuka mwenyewe, Bwana Muhuri nyuma yake.

"Futa."

Nikainuka, nikamsogezea kiti. "Karibu. Ufute kwa mkono wako, na jina lako liandikwe kwamba ndiye uliyefuta."

Akaketi kweli. Akaitazama kibodi. Mwanasheria alikuwa ameshafika mlangoni, pumzi juu juu.

"Mkubwa, usiguse. Watu wameshalisoma. Tukimnyima mtu kibanda kwa tangazo ambalo tumekiri hakuweza kulisoma, mahakamani hatumalizi asubuhi. Litolewe upya kwa maandishi, na muda wa kuomba uanze upya."

"Bila muhuri?" akauliza Bwana Muhuri kwa sauti ya mfiwa. Nilimwonea huruma, kidogo.

"Bila muhuri," akasema mwanasheria.

Mchana nililipandisha tangazo, maandishi matupu. Alasiri nikaletewa barua ya uhamisho: naenda stoo, kuhesabu mafagio. Hiyo niliitia sahihi bila ubishi, kwa kuwa yote yaliyoandikwa humo yalikuwa kweli.

Nikaenda moja kwa moja sokoni kumpasha mjomba habari. Nilimkuta ameacha begi la mteja wazi mapajani, mteja mwenyewe amesimama anangoja, simu imebanwa sikioni. Sauti ya puani ya simu ilikuwa inataja vibanda, namba kwa namba.

"Mjomba," nikaanza, "leo wame—"

Akanyoosha kiganja kunizuia.

"Subiri, mpwa," akasema. "Ninasoma."